Subira na Neno Lisilosemeka

Zipo nyumba ambazo kila aliyemo anajua ni mambo gani hayaguswi. Ada ya shule iliyobaki nusu, mkopo wa kausha damu uliochukuliwa kimyakimya, kiwanja kilichouzwa bila mtu kuulizwa, mtoto aliyezaliwa nje, mama mkwe aliyekuja kwa wiki mbili na sasa ni mwaka: kila mtu anayajua, na hakuna anayethubutu kuyataja. Anayejaribu hukutana na sauti iliyopanda, mlango uliobamizwa, sahani iliyosukumwa pembeni, au siku kadhaa za kununiwa. Mwenza wa mtu anayefoka au kununa hivyo, awe mke au mume, akienda kwa shehe, kwa mchungaji, kwa somo yake au kwa shangazi kuomba ushauri, mara nyingi huambiwa avumilie tu, maana subira huvuta heri. Nataka kuupima ushauri huo kwa dini zenyewe zinazosingiziwa kuutoa. Ninavyoona mimi, subira humtaka mtu achague saa ya kusema na namna ya kusema. Haimtaki alizike jambo lenyewe. Na yule anayeifanya nyumba ikose mahali pa kusemea kweli anavunja ahadi ya ndoa, hata kama hajawahi kuinua mkono.

Tuanze na kazi inayofanywa na hasira hii, kwa maana tumezoea kuitazama kama aibu au udhaifu na kusahau kwamba ina faida kwa mwenyewe. Mke anauliza fedha za ada zilikwenda wapi. Mume anafoka kwamba amechoka, kwamba nyumba hii haina shukrani, kwamba wanawake wengine hawawaulizi waume zao maswali ya polisi. Dakika tano baadaye mada si ada tena, ni jinsi mke alivyouliza. Aliyeuliza sasa ndiye mshtakiwa, na usiku huohuo ndiye atakayeomba radhi ili watu walale. Swali la ada halikujibiwa na wala halitaulizwa tena hivi karibuni. Si lazima mume awe amepanga hila yoyote. Inatosha kwamba kila akifoka swali linakufa, na mwili wake unajifunza njia hiyo bila kufundishwa. Aristoteli alieleza kwamba hasira huisikia hoja lakini huisikia vibaya, kama mtumishi mwenye haraka anayekimbia kabla ya kumaliza kusikia alichotumwa, kisha akakosea. Maelezo hayo ni ya kweli kwa yule anayekasirika. Lakini yanamwacha nje aliyetuma ujumbe, ambaye baada ya miaka kumi ya ujumbe kutofika huacha kabisa kutuma.

Nyumba isiyosemeka haibaki bila maneno. Maneno yake huhama. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 25, kuna tajiri wa mifugo anayeitwa Nabali, na mkewe Abigaili, mwanamke mwenye akili. Wakati wa kukata kondoo manyoya, Daudi anatuma vijana kuomba chakula, Nabali anawatukana, na Daudi anajifunga upanga pamoja na watu kama 400 kwenda kuiangamiza nyumba ile. Mtumishi mmoja anaiona hatari inakuja. Anakwenda kwa Abigaili, wala hamwendei bwana wake, na sababu anaitaja waziwazi: bwana huyo ni mtu ambaye hakuna awezaye kusema naye. Abigaili naye anafunga mikate, divai na nyama juu ya punda, anatoka bila kumwambia mumewe, anakutana na Daudi njiani na kumtuliza. Wasomaji wengi humsifu Abigaili kwa ushujaa wake, na anastahili. Mimi hunigusa zaidi hali ya nyumba ile. Hatari ya kifo imeikaribia, watumishi wanajua, mke anajua, na mwenye nyumba peke yake hajui, kwa sababu amewafundisha wote kwamba kumwambia jambo ni balaa kuliko jambo lenyewe. Nabali alidhani ukali wake unamfanya awe mkuu wa nyumba. Kwa kweli nyumba ilikuwa inaendeshwa nyuma ya mgongo wake, na yeye alikuwa wa mwisho kupata habari. Mwandishi wa kisa ameweka kando yake mtu mwingine mwenye hasira: Daudi ana silaha, ana jeshi, ana sababu ya kukasirika, na bado anasimama njiani kumsikiliza mwanamke asiyemjua, kisha anamshukuru kwa kumzuia asimwage damu. Kwa hiyo hasira kali na sikio lililo wazi vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Angalia pia jinsi Abigaili alivyomweleza mumewe. Aliporudi alimkuta kwenye karamu, amelewa sana. Hakumwambia neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka. Asubuhi akamwambia yote. Hapo ndipo tofauti kati ya kuahirisha na kuzika inapoonekana: usiku alinyamaza kwa hekima, lakini kama angeendelea kunyamaza na asubuhi, kimya kile kingekuwa ni kitu kingine kabisa. Washauri wetu wengi hushika usiku wa Abigaili na kuisahau asubuhi yake.

Katika Uislamu kuna kisa kinachoingia moja kwa moja katika suala letu. Khawla binti Thaalaba alikuwa mke wa Aus bin Samit, ambaye kwa mapokezi alikuwa ameshakuwa mzee na tabia yake imekuwa mbaya. Siku moja Khawla alimjibu katika jambo fulani. Aus akakasirika na kumtamkia zihari, yaani kumfananisha na mgongo wa mamaye, tamko ambalo kwa desturi ya Waarabu wa wakati ule lilimwacha mke akining'inia, si mke wala si mtalikiwa. Kisha akatoka, akarudi hasira imepungua, akataka mambo yaendelee kama kawaida. Khawla alimkatalia. Alikwenda kwa Mtume Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam, akalalamika. Katika mapokezi ya Abu Daud, mkusanyaji wa hadithi, Mtume alimkumbusha amche Mungu kuhusu mume wake, kwani ni binamu yake, naye Khawla hakuondoka pale mpaka Qur'ani ilipoteremka. Sura iliyoteremka, ya 58, imebeba habari ya mwanamke huyo katika jina lake, Al-Mujadila, na aya yake ya kwanza inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno ya mwanamke anayejadiliana na Mtume kuhusu mumewe. Hakuambiwa kwamba angalinyamaza yasingalimfika. Tamko lililotoka kwa hasira liliitwa baya na la uongo, na gharama yake akatwishwa aliyelitamka: aache mtumwa huru, asipopata afunge miezi miwili mfululizo, na asipoweza alishe masikini sitini, na katika kuacha huru na kufunga ikawekwa wazi kwamba yatangulie kabla ya wawili hao kugusana tena. Wapokezi wanasema Khawla mwenyewe alimsaidia Aus kupata tende za kulishia masikini. Kwa hiyo alikuwa na huruma kwa mzee wake. Huruma hiyo ilikuja baada ya jambo kusemwa na kuhukumiwa, haikutumika kulifunika.

Basi subira ni nini? Qur'ani inamsifu Ayubu kwa subira, na Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unamtaja kwa sifa hiyohiyo. Lakini Ayubu wa Biblia analalamika sura baada ya sura, anabishana na marafiki zake, anamtaka Mungu mwenyewe ajibu. Ayubu wa Qur'ani naye anamlilia Mola wake kwamba madhara yamemgusa. Nabii Yakubu, aliyesema kwamba subira njema ndiyo yake alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo, ndiye huyohuyo aliyewatuma wanawe baadaye wakamtafute Yusufu na wasikate tamaa. Ayubu na Yakubu wote wanahesabiwa wenye subira, na hakuna hata mmoja aliyeacha kusema au kutafuta. Walichokataa ni kukufuru, kukata tamaa na kulipiza. Mtu anayemwambia mke aliyechoka kwamba subira maana yake ni kutolitaja jambo tena amempa wasia ambao Ayubu mwenyewe asingeufikia.

Najua jibu litakalokuja haraka, na ni jibu zito kwa sababu limetoka ndani ya fasihi yetu. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia, na ndani yake alimfundisha akae na mume kwa adabu, asimtie ghadhabu, asimjibu anaponena, ajitahidi kunyamaza. Sitaki kuulainisha utendi huo kwa kudai kwamba alimaanisha kitu kingine. Alimaanisha alichosema. Lakini hebu tumtazame anayesema na anayeambiwa: ni mama anayejua kwamba anakufa, akimwandaa binti kwa maisha ndani ya nyumba za mabwana ambako mwanamke alikuwa na milango michache sana ya kutokea. Ni wasia wa kumlinda mtoto kwa njia zilizokuwapo. Kuusoma kama sheria ya Mungu kwa wake wote ni kumpa mama mpendwa mamlaka ambayo Khawla, miaka zaidi ya elfu moja kabla yake, alikwisha kuonyesha kwamba hata mume hana. Kwa upande wa Wakristo jibu hilohilo hutoka katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, unaowaambia wake kwamba mwenendo wao unaweza kuwavuta waume hata bila neno. Hapo Petro anazungumzia waume wasioliamini Neno, ambao hotuba za dini haziwageuzi. Hazungumzii ada, madeni wala mtoto wa nje. Tena aya chache mbele, katika sura hiyohiyo, anawageukia waume na kuwataka waishi na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, maombi yao yasije yakazuiliwa. Nimesikia aya ya kwanza ikihubiriwa harusini mara nyingi kuliko ya saba. Mume ambaye mkewe anaogopa kumuuliza swali ana jambo la kuhofia kuhusu sala zake mwenyewe.

Wengine watasema: ndivyo alivyoumbwa, damu yake ni moto, hata babu yake alikuwa hivyo. Ukweli uliomo ni kwamba watu hawalingani. Wapo wanaowaka upesi kuliko wengine, na wapo ambao chanzo cha ukali wao ni ugonjwa, pombe, au mambo mazito waliyoyapitia utotoni au vitani. Lakini mtu huyohuyo, bosi akimuuliza mbele ya wenzake hesabu za fedha zilizopungua, hujibu kwa sauti ya chini. Mwenyekiti wa mtaa akimwita, hukaa akasikiliza. Breki anazo, anazitumia pale ambapo kufoka kuna gharama, na kuziacha pale ambapo gharama italipwa na mtu mwingine. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeandika vitabu vitatu juu ya hasira, alitenganisha mshtuko wa kwanza, ambao hakuna awezaye kuuzuia, na hasira yenyewe, ambayo haitimii mpaka akili iridhie kwamba nimedhulumiwa na lazima nilipize. Mshtuko hauna hatia. Ridhaa ndiyo yenye hesabu. Na pale ambapo ugonjwa upo kweli, kuutaja hakumwondolei mtu wajibu, kunampa mwingine: aende hospitali, aache pombe, amtafute mshauri. Mwenye kisukari halaumiwi kwa kisukari chake, lakini tunamshangaa akikataa dawa na kutaka watoto wazoee kumwona akianguka.

Hapo pia inafaa kuondoa imani moja iliyoenea, kwamba mtu aachwe aitoe hasira yote ndipo atulie. Mwaka 2002 Brad Bushman, mtafiti wa Marekani, alichapisha jaribio ambamo watu waliokasirishwa walipewa mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewakera. Walibaki na hasira kubwa kuliko wale waliokaa kimya bila kufanya lolote. Anayefoka anaifanyia hasira mazoezi. Mtume, katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwamba mwenye nguvu si mpiga mweleka, ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu, alikuwa anazungumza juu ya nguvu inayokua kwa kutumiwa, na katika hadithi nyingine aliyeghadhibika akiwa amesimama alimfundisha akae, na isipotosha alale.

Pingamizi gumu kuliko yote kwangu ni hili: je, anayeleta jambo hana kosa? Anaweza kuwa nalo. Wapo wanaoanza na tusi, wanaoshitaki tabia nzima ya mtu badala ya kutaja tendo moja, wanaochagua kusema mbele ya watoto au mtu anapoingia mlangoni kutoka kwenye foleni ya saa mbili. Watafiti wa ndoa Sybil Carrère na John Gottman walichapisha mwaka 1999 utafiti wa wanandoa wapya, jozi 124, wakaona kwamba dakika tatu za kwanza za mazungumzo ya mzozo zilisaidia kutabiri ni ndoa zipi zingevunjika ndani ya miaka sita. Mwanzo una uzito. Kwa hiyo mwenye jambo ana wajibu wa kuanza vyema: ataje tukio, aseme limemfanyaje, aseme anachotaka. Lakini wajibu huo una mpaka, na mpaka huo hupotoshwa mara nyingi sana. Mtu akishajaribu jioni na asubuhi, kwa upole na kwa barua, kupitia kaka wa mume na kupitia simu, na kila mara akajibiwa kwa ukali, tatizo haliko tena katika namna ya kusema. Kuendelea kumwambia atafute lugha nzuri zaidi ni kumfanya aamini kwamba yapo maneno fulani ya siri ambayo angeyajua asingefokewa. Anayeambiwa naye ana wajibu. Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, katika sehemu ya adabu za ndoa ndani ya kitabu chake Ihya, anamweleza mume kwamba uzuri wa tabia kwa mke si kuacha kumuudhi tu. Ni pamoja na kustahimili maudhi yake. Na kwa Bukhari tunasoma kwamba wake za Mtume walikuwa wakimjibu, na kwamba alijua Aisha amemkasirikia kwa kusikia tu akiapa kwa Mola wa Ibrahimu badala ya Mola wa Muhammad. Nyumba ile ilikuwa na hasira, ya mke tena, na hasira hiyo ilikuwa na njia ya kujulikana bila mtu kuangamia.

Kwa vitendo, basi, kuahirisha kunahitaji saa ya kurudi. Gottman na wenzake waliona kwamba mapigo ya moyo yakipita takriban 100 kwa dakika mtu hushindwa kusikia vizuri, na wakashauri mapumziko ya walau dakika 20. Anayesema "siwezi sasa, tuongee kesho baada ya chakula" ameitumikia ndoa. Anayesema "niache" kila siku bila kesho amefunga mlango, hata kama hakuubamiza. Na kesho zikishindikana, dini zote mbili zinaelekeza kuongeza masikio. Qur'ani, sura ya 4 aya ya 35, inataka mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Mathayo, sura ya 18, inaanza na mazungumzo ya wawili faraghani, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka shauri lipite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani. Kumwita mshenga au wazee si kutoa siri za nyumba nje. Aliyeziba mdomo wa ndani ndiye aliyeulazimisha mdomo wa nje kufunguka.

Haya yote nayasema kwa nyumba yenye hasira isiyopiga. Penye kipigo, au vitisho vya kipigo, hakuna wajibu wa kuendelea kuzungumza. Wajibu wa kwanza ni usalama, na mwenye kudhulumiwa aende kwa ndugu wanaoaminika, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Kifungu cha 66 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenza mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na kifungu cha 107 kinahesabu ukatili, uwe wa mwili au wa akili, kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Ukatili wa akili umetajwa sambamba na wa mwili, jambo ambalo washauri wanaouliza "lakini alikupiga?" wangelifikiri kabla ya kumrudisha mtu nyumbani.

Yanabaki ya huyo mwenye hasira, ambaye makala za namna hii humwacha akisoma kando kana kwamba hayamhusu. Aus hakuambiwa asubiri mkewe amtulize. Alitakiwa kutoa kitu kwanza, kabla ya maisha ya ndoa kurudi mahali pake. Kwa mfano huo, aliyefoka jana juu ya ada ana deni mahususi, na halilipwi kwa zawadi, kwa utani wa asubuhi wala kwa kuomba radhi kwa jumla. Deni lake ni kulirudia swali lenyewe kwa hiari yake, bila kungoja mwenzake akusanye ujasiri wa kuliuliza mara ya pili, na kutaja fedha zilikwenda wapi, shilingi kwa shilingi.